Kazi kama Sifa ya Elimu: Kutoka Azimio la Musoma hadi Urasimishaji wa Ujuzi nchini Tanzania

Urasimishaji wa ujuzi uliopatikana kazini huelezwa mara nyingi kana kwamba ni wazo lililoletwa na wafadhili. Historia ya Tanzania inaonyesha vinginevyo. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, alipaswa kufanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha apate pendekezo la mwajiri na la tawi la chama.

Kwa hiyo kazi ilifanywa sifa ya kielimu, lakini yale ambayo kazi ilifundisha hayakupimwa. Mwajiri alishuhudia nidhamu na bidii. Tawi likashuhudia mwenendo wa kisiasa. Kijana aliyeshika hesabu za kiwanda kwa miaka miwili aliingia darasani akihesabiwa sawa na aliyepanga majalada tu. Athari nyingine ilijitokeza upesi: idadi ya wanawake walioomba ilishuka, kwa kuwa miaka hiyo ya kusubiri ndiyo iliyokuwa miaka ya ndoa na malezi. Wakasamehewa sharti hilo baada ya muda mfupi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ulikuwa umeachwa.

Mpango wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ulioandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani, ulishika njia nyingine. Mwashi, seremala au mpishi aliyejifunza kwa fundi mwenzake hupimwa kwa vitendo na mahojiano, kisha hupewa cheti. Hapa ujuzi wenyewe ndio unaoulizwa. Lakini cheti hicho humfaa zaidi mbele ya mwajiri kuliko mbele ya chuo, na ngazi zinazofuata hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali ufundi wake wote aliupata kwa Kiswahili.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuliana sifa za kitaaluma pamoja na uzoefu uliopatikana. Kuhusu sifa, zipo taasisi za kulinganisha vyeti. Kuhusu uzoefu, mwashi wa Mwanza anayevuka kwenda Kampala bado hutegemea fundi mkuu atakayemtazama akipanga tofali.