Skrini Ikicheza, Usikimbilie Kuilaumu Kadi

Kompyuta mpya ya gemu ikianza kuonyesha mistari, vidoti vya rangi, au skrini kuzima na kurudi, wengi hutoa hukumu papo hapo: kadi ya grafiki imekufa. Kwetu Garissa hukumu hiyo ni ghali. Vifaa vingi twaagiza kutoka Nairobi, kiasi cha kilomita 370, na kadi ikirudishwa itapanda basi kwenda na kurudi huku siku za garanti zikihesabika. Ndiyo maana mimi, kama fundi, hukagua kwa mpangilio, nikianza na yasiyo na gharama. Mpangilio huu utawafaa pia ndugu zetu wa Hola, Lamu na Mombasa.

Kasoro yaanza lini? Washa kompyuta uingie kwenye baiosi, kabla Windows haijafunguka. Ukiona mistari hapo, draiva haihusiki. Tafuta kwenye kebo, skrini, stima au kadi yenyewe. Kama baiosi ni safi na kasoro yaja ndani ya Windows au gemu peke yake, shuku draiva, joto au uhaba wa nguvu.

Piga picha ya skrini. Tumia kompyuta yenyewe, si simu, kisha itume picha kwenye simu na uitazame. Madoa yakionekana, yametoka ndani: kadi, draiva au gemu. Picha ikiwa safi, mara nyingi shida ni kebo, tundu au skrini.

Kebo na matundu. Hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi, wala si kwenye tundu la madabodi. Jaribu kebo nyingine, kisha tundu jingine. Kebo hafifu ya HDMI au DisplayPort yaweza kuonyesha picha nzuri kwa kasi ya 60Hz, kisha ikacheza ukipandisha hadi 144Hz.

Kadi ndani ya sloti. Kompyuta iliyosafirishwa kwa basi hutikisika, na kadi nzito huinama. Zima, chomoa waya wa stima, toa kadi, uirudishe hadi kibanio kilie, kisha ukaze skrubu. Huku kwetu nipanguse vumbi. Pwani, tazama kutu ya unyevu wa chumvi kwenye meno ya kadi.

Nguvu. Sloti hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini sita huongeza 75, ya pini nane 150. Kadi yenye plagi mbili ipewe waya mbili tofauti kutoka pawa saplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Skrini ikizima gemu linapopamba moto, pawa saplai ndiyo mshukiwa wa kwanza. Stima ikipanda na kushuka mtaani kwako, weka stabilaiza au UPS.

Draiva. Ifute ya zamani kabisa kwa programu ya DDU ukiwa kwenye Safe Mode, kisha uweke mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Rudisha pia kasi ya kadi na ya RAM kama zilivyotoka kiwandani. RAM iliyoharakishwa kupita kiasi huweza kuiangusha gemu, ukadhani ni kadi.

Joto. Hapa joto la mchana hupita nyuzi 30 karibu mwaka mzima, kwa hivyo kadi haianzi ikiwa baridi. Itazame ukicheza: nyuzi 70 hadi 80 si ajabu, ikikaribia 90, fungua ubavu wa kasha na uelekeze feni ya chumba. Kasoro ikipungua, umepata jibu: ongeza feni, usiisukume kompyuta ukutani.

Ukishapita hatua zote na vidoti vingali pale, hasa kwenye baiosi, basi huenda kumbukumbu ya kadi imeharibika. Kadi za mtumba zichunguzwe zaidi: Ethereum ilipoacha uchimbaji kwa kadi mnamo Septemba 2022, nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni.

Mwisho, ijaribu kadi hiyo kwenye kompyuta ya rafiki, urekodi video, na usiifungue wala kubandua stika. Muuzaji akiona kasoro ileile kwenye kompyuta mbili, itakuwa vigumu kwake kusema ni wewe uliyekosea kuunda.