Mtindo wa Harvard

Mtindo wa Harvard ni mfumo wa kurejelea vyanzo katika maandishi ya kitaaluma kwa kutaja jina la ukoo la mwandishi na mwaka wa uchapishaji ndani ya matini, badala ya tanbihi. Asili yake huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyetumia marejeleo ya aina hiyo katika mabano mwaka 1881 katika makala kuhusu mayai ya konokono asiye na gamba.

Anayerejelea riwaya ya *Kusadikika* ya Shaaban Robert huandika (Robert, 1951), na huongeza namba ya ukurasa anaponukuu maneno yenyewe. Kazi za mwandishi mmoja zilizotoka mwaka mmoja hutofautishwa kwa herufi, kama 1951a na 1951b. Taarifa kamili za kila chanzo huwekwa mwishoni katika orodha ya marejeo, iliyopangwa kialfabeti.

Mtindo huu hauna mwongozo mmoja rasmi. Alama za uandishi na mpangilio wa taarifa hutofautiana kati ya vyuo na majarida. Mtindo wa APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani), unaofuata pia utaratibu wa mwandishi na mwaka, una mwongozo wake, ambao toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019.