Seva inamjuaje mwenye simu?

Pale Majengo, Sumbawanga, mteja anayetoa hela kwa wakala hupiga *150*00#, huandika namba ya wakala na kiasi, kisha hukinga kioo kwa kiganja anapoweka tarakimu nne za namba ya siri. Punde meseji inaingia. Kabla haijaingia, seva ya kampuni imeshajiuliza mambo mawili: laini hii ni ya kweli? Na aliyeishika ndiye mwenyewe?

La kwanza lilipata jibu mapema. Mitandao ya GSM, iliyoanza Finland mwaka 1991, iliweka ufunguo wa siri ndani ya kadi ya simu, na nakala yake kwenye mtambo wa kampuni. Laini ikitaka kuingia, mtambo huipelekea namba ya kubahatisha. Kadi huichanganya na ufunguo wake na kurudisha jibu. Mtambo nao hupiga hesabu hiyohiyo. Majibu yakilingana, laini inapokelewa. Ufunguo wenyewe haupiti hewani hata mara moja, na huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote katika historia hii.

La pili ndilo lililotusumbua. Huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, kilichomtambulisha mtu ni namba ya siri tu. Sheria ya mawasiliano ya 2010 ikadai kila laini isajiliwe, lakini majina ya uongo yaliendelea kupita. Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha taifa, cha NIDA. Tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020.

Walaghai hawakuhangaika na seva. Walimwendea mtu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Hapo hakuna ufunguo uliovunjwa, mwenye laini kaweka namba yake ya siri kwa mkono wake, na seva imetii. Inauma kuandika kwamba katika ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za miaka ya karibuni, mkoa wetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, umekuwa ukiongoza kwa majaribio ya ulaghai huo.

Na kidole nacho huibwa. Msajili asiye mwaminifu humwambia mteja, "Hakijasoma, rudia," na laini ya pili inazaliwa kwa jina la mtu asiyejua. Ukipiga *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, idai ifungwe. Meseji ya tapeli itume 15040, pamoja na namba iliyoileta.