Programu iliyojaribiwa vitani Goma

Mwishoni mwa Oktoba 2008 waasi wa CNDP, chini ya Laurent Nkunda, waliteka Rutshuru na kusogea hadi karibu na Goma, Kivu Kaskazini. Maelfu ya watu walikimbilia Kibati, kaskazini ya mji; wengine walikuwa wamekwisha kubanana Mugunga, ukiipita Ndosho kwa barabara ya Sake. Novemba hiyohiyo ikafunguliwa kwenye intaneti ramani ya mashariki ya Kongo iliyoendeshwa kwa Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za watu. Aliyeona mauaji, uporaji au watu wakihama aliweza kutuma taarifa, nayo ikawekwa kwenye ramani, pale tukio lilipotokea.

Programu yenyewe ilikuwa bado haijakamilika. Lilikuwa toleo la majaribio, na mahali pa kulijaribia pakawa mji uliozingirwa na vita. Kwangu mimi, hapo ndipo historia ya kujaribu programu za wavuti inapotuhusu sisi wa Kivu.

Ushahidi ilizaliwa miezi michache tu kabla ya hapo. Kenya iliwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mwanzoni mwa Januari 2008 Ory Okolloh akatoa wito hadharani wa kutengeneza ramani ya vurugu. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao waliitikia, na ramani ikasimama ndani ya siku chache. Ni nani angewalaumu kwa kutoandaa majaribio wakati nyumba zinachomwa? Baadaye mwaka huo programu iliandikwa upya ili mtu yeyote aweze kuisimika kwenye seva yake, na toleo hilo jipya ndilo lililoletwa Kongo. Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Ushahidi ilisimikwa tena katika saa chache.

Lakini njia ya kuipima programu kabla haijamfikia mwenye shida ilikuwapo. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit, zana ya kuandikia majaribio ya programu, wakiwa ndani ya ndege, safarini kutoka Zürich kwenda Atlanta. Mwaka 2004, huko Chicago, Jason Huggins wa ThoughtWorks alichoka kukagua kwa mkono programu ya kampuni ya kuandika saa za kazi na gharama. Akaunda Selenium, inayofungua kivinjari yenyewe, ikajaza fomu, ikabonyeza, kisha ikatazama kama jibu ni sahihi. Simon Stewart naye alikuja na WebDriver, zana nyingine ya kuendesha kivinjari. Kazi hizo mbili ziliunganishwa katika Selenium 2 mwaka 2011, na mwaka 2018 WebDriver ikawa kanuni rasmi ya wavuti.

Kuandika jaribio ni kazi ndogo. Ugumu uko kwenye mazingira linamoendeshwa. Inatakiwa hifadhidata ya pembeni, inayojazwa taarifa zilezile kila mara na kufutwa mwishoni, ili jina la mtu wa kweli lisiguswe. Inatakiwa kivinjari kinachofanya kazi bila skrini, na mtambo bandia wa meseji ili simu ya mtu isilie usiku kwa ajili ya mazoezi. Tangu programu ya Docker ilipotoka mwaka 2013, yote hayo huandikwa kwenye mafaili machache, na kompyuta ya mwenzako ikayajenga vilevile. Ushahidi yenyewe, katika toleo lake la tatu, ilitumia Behat, ambamo jaribio huandikwa kwa sentensi anazoweza kuzisoma hata asiye mtaalamu.

Mazingira hayo, hata hivyo, mara nyingi hudhani umeme haukatiki. Ndosho kuna hospitali ya CBCA, ambako tangu 2012 madaktari wa upasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wamekuwa wakitibu majeruhi wa vita. Anayetengeneza programu ya kupokea wagonjwa mahali kama hapo aanze na majaribio ya kukatika: kupunguza kasi ya mtandao makusudi, kuizima seva fomu ikiwa imejazwa nusu kwenye simu, kuiwasha tena. Mtandao ukirudi, simu hutuma fomu ileile mara ya pili. Jaribio lipite tu ikiwa hifadhidata ina majeruhi mmoja, wala si wawili, na kundi lake la damu liko palepale lilipoandikwa.