Umaalumu wa Seli

Umaalumu wa seli ni hali ya seli za kiumbe kimoja kutofautiana kwa umbo na kazi, ingawa zote zimetokana na yai moja lililorutubishwa. Takriban kila seli ya binadamu yenye kiini hubeba jeni zilezile. Tofauti hutokana na jeni zipi zinatumika na zipi zimezimwa, ndiyo maana jeni ya insulini, ambayo imo hata katika seli za ngozi, hufanya kazi hasa katika kongosho.

Wanabiolojia walibishana kwa muda mrefu iwapo seli ikishapata kazi yake hupoteza jeni isizozihitaji. Jibu lilitokana na Xenopus laevis, chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika. Mwaka 1962 John Gurdon wa Uingereza alieleza jinsi alivyochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi na kukipandikiza katika yai ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa kwa mionzi ya urujuanimno. Mayai mengi yalikufa, lakini machache yalikua hadi kuwa viluwiluwi, na hayo machache yalitosha kuthibitisha kwamba seli ya utumbo ilikuwa bado na maelekezo yote ya kujenga mnyama mzima. Gurdon alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani.

Seli zinazofanana kwa kazi huungana kuwa tishu, na tishu mbalimbali huunda ogani. Utumbo mwembamba una aina zote kuu 4 za tishu: tishu ya epithelia, ambayo ni utando wa ndani unaofyonza chakula na kutoa ute, tishu unganishi inayobeba mishipa ya damu, misuli laini inayosukuma chakula, na tishu ya neva inayoratibu msukumo huo. Ogani hii, ikishirikiana na tumbo, ini na kongosho, hufanya mfumo wa mmeng'enyo. Seli nyingi za utando wake hudumu siku chache tu, kisha nafasi zake huchukuliwa na seli changa zinazozalishwa na seli shina.

Chembe nyekundu ya damu ya binadamu huenda mbali zaidi katika umaalumu: hukitoa kiini chake ili ipate nafasi kubwa ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na kwa kuwa haiwezi tena kugawanyika wala kutengeneza protini mpya, huishi siku 120 hivi. Chembe nyekundu za chura, kinyume chake, hubaki na viini vyao.