MTOTO AKIULIZA HABARI ZA MAJIMAJI (Sehemu ya 7)



Mtoto karudi shule anauliza, "Mama, kwa nini watu waliamini maji yatazuia risasi?" Wengi tunacheka, tunajibu "walikuwa hawajasoma," tunaendelea kukata mchicha. Subiri kwanza.

Ukija kupima presha tunakwambia ukae utulie dakika 5, maana ukipimwa huku unahema, namba inadanganya. Historia inayouma nayo ni hivyo hivyo. Weka simu pembeni, vuta pumzi taratibu, sikiliza mtoto anauliza nini hasa. Ndipo ujibu.

Mwambie Wamatumbi wa Kilwa walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani, na Julai 1905 wakaanza kuing'oa. Dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliwapa watu wa makabila mengi, wasio na mkuu mmoja, sababu ya kusimama pamoja. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, lakini vita ilienea mpaka Mahenge na Ungoni. Kule Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa watu zaidi ya 60 siku moja.

Sasa kuna sehemu inayotuhusu sana sisi wazazi. Njaa iliua wengi kuliko risasi. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Yapo makadirio yanayofikisha waliokufa 300,000. Jamani, sisi wa wodini tunajua njaa inaanza na nani: mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mama anayenyonyesha. Ukisoma hiyo namba, usiione kama namba tu. Ona mama anatafuta mizizi porini, mtoto yuko mgongoni.

Mpe kila mtoto kwa kipimo chake. Wa miaka 5 inatosha kujua watu walionewa wakakataa. Wa miaka 12 anaweza kusikia habari za kamba na njaa. Akilia, usimwambie "hayo yameshapita." Mshike mkono, vuteni pumzi pamoja, mwache aseme anachojisikia. Usipojua jibu, sema "sijui, tutatafuta."

Tena hayajapita. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Aliahidi pia kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, ambalo familia yake inaamini lilipelekwa Ujerumani. Zaidi ya miaka 100, na wajukuu bado wanataka kumzika babu yao.

Basi wiki hii mpigie bibi au babu, weka sauti ya juu watoto wasikie, muulize: kwetu nani alipitia njaa, na aliokokaje? Msimkatize. Akinyamaza, nyamazeni naye kidogo.