Tusirudi Kwenye Dole Gumba: Funzo la Kisomo Chenye Manufaa Katika Kagera

 

Ndugu msomaji, wazazi wa Bukoba na Muleba wanaulizana siku hizi: simu itamfaa nini mwanafunzi? Wako wanaoiona kuwa ni shetani mtupu, na wako waliowaachia watoto wao usiku kucha. Kabla ya kutoa hukumu, yafaa tuitazame historia ya mkoa wetu wenyewe, maana swali hili si geni kwetu.

Mwaka 1968 serikali, kwa kushirikiana na UNESCO, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani mkoa huu ulioitwa Kagera tangu mwaka 1979. Mradi uliendeshwa kutoka Mwanza mpaka mwaka 1972, nao ulijulikana kwa jina la kisomo chenye manufaa. Mtu mzima hakufundishwa herufi tupu. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi alisoma habari za uvuvi, na mwenye kibanja alisoma habari za migomba. Neno alilolisoma jioni, asubuhi alilikuta shambani kwake.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya, wakashiriki watu wapatao milioni 2 nchi nzima. Walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Angalia hapo, ndugu yangu: redio haikuchimba hata choo kimoja. Waliochimba ni watu waliosikia, wakafahamu, wakaazimia. Na ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau, likatolewa huko Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho.

Matokeo yake yalionekana. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Katika mtihani wa mwaka 1975 walikuwa wamebaki 39, na ilipofika mwaka 1986 hawakufika 10.

Lakini tunda lililowafurahisha wengi halikuandikwa katika hesabu hizo. Zamani mkulima asiyejua kusoma, akiuza kahawa yake, alichovya dole gumba katika wino akalibandika juu ya karatasi, na aliyejua kilichoandikwa humo ni karani peke yake. Akidhulumiwa hajui. Siku alipoweza kuandika jina lake kwa mkono wake alijitambulisha mwenyewe mbele ya watu, na akajua anachokubali na anachokataa.

Basi tazama mambo ya leo. Kijana ameshika simu, na kwa dole gumba lile lile anabonyeza "nakubali" bila ya kusoma, anasambaza habari asiyoijua asili yake, anatuma picha asiyojua itaishia wapi. Huyu amekwenda shule, lakini amerudi kule alikokuwa babu yake. Hii ndiyo hatari yenyewe, na dawa yake ni ile ile: kisomo chenye manufaa.

Kwanza, chombo kitumike kwa jambo la hapa petu. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana mara ya kwanza nchini mwetu mwaka 2006, katika wilaya ya Muleba. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoka utomvu wa manjano. Mwalimu awachukue wanafunzi mpaka kibanjani. Si lazima kila mtoto awe na simu, moja ya mwalimu yatosha. Wapige picha, waandike kwa Kiswahili safi walichokiona, wamwulize bwana shamba au wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku. Kisha wakawaeleze wazazi kwa nini ua dume la mgomba huondolewa kwa kijiti chenye panda, na kwa nini kisu hupitishwa motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Hiyo ni sayansi, ni lugha, na ni kuutumikia umma.

Pili, mtoto afundishwe kujitambulisha. Leo mkopo wa chuo kikuu huombwa mtandaoni, na kazi za serikali kadhalika. Kijana husomwa kabla ya kuonekana. Jina analojiita, picha anayoiweka na maneno anayowajibu wenzake ndiyo saini yake. Asijipambe kwa asichonacho, maana hiyo ni ria na uongo. Wala asijivunjie heshima kwa kutafuta kuchekwa.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani hapa Bukoba, wakafa watu 19, picha zilienea nchi nzima siku ile ile. Mwanafunzi afunzwe kujiuliza: habari hii nimeihakikisha? Maiti huyu angekuwa mama yangu, ningependa aonekane hivi? Sura ya Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari tunayoletewa tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inamwadhibu anayeeneza uongo.

Sisi tuliosoma chuoni tuliandika juu ya ubao, na somo likiisha tuliuosha kwa maji, makosa yetu yakaenda na maji. Simu haioshwi hivyo. Ukifuta kwako, aliyepokea amekwisha kuihifadhi. Na hata watu wote wakisahau, Sura ya Qaf inatukumbusha kuwa hakuna neno linalotamkwa ila yuko mwenye kulichunga.

Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu, msiivunje simu wala msiiache bila mchungaji. Kaeni na watoto wenu, msome nao, muwaulize wanaandika nini na kwa jina la nani. Wazee wetu walitoka kwenye dole gumba kwa taabu kubwa; tusikubali watoto wetu walirudie.